Kigae Kisicho na Kipimo

Riziki alinipigia simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa nimesimama jikoni nasubiri maji yachemke. Hakunisalimia. "Zuhura, mama katutoka alfajiri," alisema, na kabla sijamaliza kusema innalillahi akaendelea kwa haraka, kama mtu aliyejiiba kutoka chumba chenye watu. "Kausia azikwe Gofuni, nyuma ya kibla. Hamad na wenziwe washachukua majembe. Lile daftari lako unalo bado?" Nikamwambia ninalo. "Basi litafute. Nimewazuia. Nimewaambia wasitie jembe mpaka weye useme wapi pana watu na wapi hapana. Ilibidi niwaambie yote, na sasa wamekaa barazani, hata kahawa hawanywi." Kisha akasema atanipigia tena baada ya nusu saa, akakata. Hamad ni mumewe, na ni mtoto wa mwisho wa Bi Mize, mwanamke aliyenipa chumba na chakula kwa mwaka mzima nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Riziki alikuwa mkwewe, lakini tangu siku ya kwanza alimwita mama, na mimi nilimwiga.

Sasa nafundisha historia sekondari, mjini Unguja, na daftari lenyewe nililikuta mahali nilipojua lipo, ndani ya bati la biskuti chini ya vitabu vya kidato cha tatu. Gamba lake ni la buluu, na kurasa zake bado zina harufu ya karafuu, au labda mimi ndiye ninayeitia harufu hiyo kila nikilifungua. Kila ukurasa una safu nne: namba ya kigae, maelezo yake, umbali kutoka ukutani, umbali kutoka kona ya kibla. Safu zote zimejaa kwa mwandiko mdogo wa msichana aliyekuwa anajivunia mwandiko wake. Isipokuwa mstari mmoja. Mbele ya namba mia mbili na kumi na moja, pale panapotakiwa vipimo, pameandikwa neno moja: "mvua". Nililitazama neno lile huku maji yakichemka mpaka yakapungua nusu sufuria, nikazima jiko bila kutia chai.

Sitakitaja kijiji, na sababu yake itajulikana. Inatosha kusema kwamba ukitoka Ole kwa miguu ukafuata njia ya mikarafuu kuelekea upande wa mashariki, utafika baada ya saa moja na kitu, na kwamba Gofuni ndilo jina wanaloliita wenyewe lile eneo la msikiti wa kale ulioanguka. Mimi nilitoka kwetu Madungu, mjini Chake, na begi moja na shahada mpya ya akiolojia, na nilikuwa na ugonjwa wa kutokuamini. Sijui neno jingine. Chuoni nilikuwa nimejifunza kuuliza "umejuaje?" na nikawa simwachi mtu. Ukiniambia ukuta huu ni wa kale, nitakuuliza umejuaje. Ukiniambia masharifu walikuja kuujenga, nitauliza nani aliwaona. Mwalimu Rajabu, aliyekuwa akituongoza, mtu mpole kutoka chuo chetu cha Dar es Salaam mwenye kofia ya kiua iliyopauka kwa jua, alisema mara ya kwanza tulipokula pamoja kwamba mimi nikiambiwa mchana huu ni mchana nitatoka nje kuhakikisha. Watu wakacheka. Nilidhani ananisifu.

Msikiti ulikuwa umebaki kuta tatu na kibla, ule upinde anaposimama imamu. Juu ya kibla palikuwa na mashimo ya duara yaliyowahi kushika mabakuli ya kigeni, yakiwa pambo, na ndani ya upinde watu walikuwa wakileta vitu vyao: vyetezo, chupa tupu za marashi, vitambaa vyeupe na vyekundu, shilingi za zamani. Mzee Faki, mwenye konde la mihogo lililopakana na eneo hilo, ndiye aliyekuwa akifagia kila Alhamisi. Ndiye pia aliyeombwa ruhusa pamoja na sheha wa kijiji, na wote wawili waliitoa kwa furaha. Siku ya kwanza alinisimulia kwamba msikiti ule ulijengwa kwa usiku mmoja na watu saba ambao asubuhi hawakuonekana. "Umejuaje, mzee?" nikamuuliza. "Nimeambiwa na baba," akasema. "Na baba alijuaje?" Akanitazama kwa huruma kidogo. "Mwanangu, weye umesoma sana, lakini baba yangu hukumjua. Angekwambia, ungenyamaza." Baadaye mwaka ule tuliinua sehemu ya sakafu ya chokaa na chini yake tukakuta miviringo ya udongo mweusi imepangana mistari, mahali nguzo za miti zilipooza zamani sana. Kulikuwa na msikiti mwingine chini ya msikiti, wa fito na udongo, umeelekea kaskazini lakini umepinda kidogo kuliko huu wa mawe, kana kwamba waliokuja baadaye walisahihisha kibla cha wazee wao. Mzee Faki alipoonyeshwa hakushangaa. "Basi hao saba walianza na miti," alisema. Ilinikera.

Chumba alichonipa Bi Mize kilikuwa kile cha kuwekea magunia. Kitanda cha kamba, dirisha moja dogo la ubao, na msimu ulipofika, karafuu kavu mpaka kimo cha kiuno, hata nguo zangu nikizivaa mjini watu walijua ninatoka shamba. Jikoni kwake ndiko nilikokuwa nikiishi hasa. Asubuhi tulikula mihogo ya nazi na samaki mkavu wa ng'onda aliyechomwa, mchana wali ukipatikana, na jioni chai ya mchaichai na chochote kilichobaki. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kuniuliza ninatafuta nini kule Gofuni. Mimi ndiye niliyeuliza, kila siku, na maswali yangu yote yalikuwa ya aina moja: mzee wako alisemaje, mababu walitoka wapi, nani alizikwa wapi. Alinijibu kuhusu wanaume. Nilimuuliza kuhusu wanaume. Riziki, aliyekuwa rika langu na tayari ana watoto wawili, alikuwa akinichokoza wakati tunapomenya mihogo. "Weye bingwa wa kujua umri wa sahani," aliniambia siku moja. "Umri wako wa kuolewa umeupima?" Bi Mize akamwambia aniache. "Namwacha, mama. Nauliza tu. Si yeye kasema watu waulize?"

Kazi ya kwanza, kabla hujachimba popote, ni kuokota vilivyo juu ya ardhi. Unatandika kamba, unagawa eneo katika miraba, unaokota kila kigae cha chungu na cha sahani, unakitia mfukoni, unakiosha, unakiandika namba kwa wino mweusi. Nyuma ya kibla, upande wa kaskazini, palikuwa na vigae vingi kuliko mahali pengine pote, na vingi vilikuwa vitako vya bakuli vilivyolala kifudifudi. Mwalimu Rajabu alisema tuokote tu kwa miraba, kupima kimoja kimoja ni kupoteza siku. Mimi nikabisha. Nilimuuliza amejuaje kwamba mahali kilipolala kigae hapana maana. Akacheka, akasema haya, kama nina nguvu za kuinama nipime. Nikagongea msumari kwenye kona ya kibla, nikafunga utepe wa kupimia, na kwa siku tisa nikapima kila kitako mpaka sentimita. Nilifanya kwa ubishi mtupu. Sikuwa na hoja yoyote ya maana, nilitaka tu kumshinda mtu aliyenizidi elimu. Siku ya kumi ilibaki sehemu ndogo ya mwisho, ukanda wa mita mbili kwa moja unaopakana na konde la Mzee Faki. Hapo nikaokota vipande kumi na moja, nikavitia katika mfuko mmoja, sikupima. Kumi vilikuwa vidogo kama kucha, hata namba sikuvipa. Cha kumi na moja kilikuwa kitako cha bakuli jeupe lenye ua la kijani.

Wiki iliyofuata karafuu zilikuwa nyingi na wanawake wa jirani walikuwa wakija barazani kwa Bi Mize baada ya laasiri kuchambua, kutenganisha karafuu na makonyo yake. Vidole vyao vilikwenda bila macho, na mazungumzo yalikwenda hivyo hivyo. Mimi nilikuwa chumbani naandika namba kwenye vigae, na dirisha langu lilikuwa juu ya baraza. Walianza na bei, wakaenda kwenye arusi ya mtu, kisha sauti zikashuka. "Miye nimekwenda jana," mmoja alisema. "Sikukiona." "Cha kwako kilikuwa karibu na ukuta." "Karibu na ukuta, ndio. Pamefagiliwa pote, peupe kama uwanja." Mwingine akasema, "Faki kaingiwa na nini? Miaka yote hafagii kule." Kisha nikamsikia Bi Mize, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote. "Si Faki." Nikatoka nje na kigae mkononi na wino, nikiwa nimefurahi, kwa sababu nilidhani wanazungumzia Gofuni na labda wana habari. "Kaja mwari," mtu akasema, na wote wakarudi kwenye arusi.

Nilielewa tu kwamba wameninyima kitu, na mtu kama mimi hawezi kulala na hilo. Kesho yake nilimfuata Riziki kisimani nikamuuliza. Akaweka ndoo chini. Sijawahi kumwona bila mzaha usoni mpaka siku ile. "Si jambo la kumwambia ambaye hajazaa," alisema. "Lakini ushalifanya, basi bora ujue ulilolifanya." Akanieleza kwamba mtoto akitoka tumboni hakulia, hapewi jina na hapelekwi makaburini na wanaume. Mkunga na bibi yake wanamfunga kitambaa cheupe, wanampeleka Gofuni nyuma ya kibla, wanamzika wao. Mama anabaki ndani siku zake arobaini, anapikiwa uji wa pilipili manga kama mzazi mwingine yeyote, kwa sababu mwili wake haujui kwamba mtoto hayupo. Bakuli analonywea uji huo halitumiwi na mtu mwingine. Siku ya arobaini anakwenda mwenyewe, anaonyeshwa mahali, analivunja bakuli ukutani, na kitako chake anakiweka kifudifudi juu ya mwanawe. Hapana jiwe, hapana maandishi. Wanaume wanajua kwamba wanawake wana mambo yao kule, basi, hawaulizi. "Mie ninaye mmoja," Riziki alisema. "Kabla ya Salim wangu. Bakuli la buluu." Nilikuwa nimekiosha kitako chake siku mbili kabla. Namba arobaini na tatu. "Na mama?" nikamuuliza. "Mama ni yule wa kwanza wake. Kabla ya wote."

Nilikwenda kwa Mwalimu Rajabu nikamweleza. Yeye alikuwa amekwisha kupigilia vigingi vinne nyuma ya kibla, kwa sababu mahali penye vigae vingi ndipo panapochimbwa, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuanza shimo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda mwenyewe akang'oa vigingi kimoja kimoja, akavifuta udongo, akavirudisha kwenye mfuko. Mzee Faki alikuwa amesimama pale na ufagio wake. "Mama yangu alinikataza kufagia huku," alisema polepole. "Aliniambia, mbele fagia, nyuma acha. Mie nikaacha, miaka thelathini." Sikumwuliza kwa nini hakuwahi kutaka kujua sababu. Lilikuwa ulimini swali hilo, nikalimeza, labda kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mtu asiyeuliza alikuwa amewalinda miaka thelathini. Mimi niliyeuliza kila kitu, niliwauliza wanaume barazani, na mwenye jibu alikuwa akinipakulia mihogo. "Una vipimo?" Mwalimu Rajabu aliniuliza. "Ninavyo." "Vyote?" Nikasema karibu vyote. Akavua kofia yake akajifuta uso. "Hili ni kubwa kuliko kuta zote tatu," alisema, "na hatutaliandika mpaka wenyewe watake."

Tulirudisha vigae asubuhi ya Jumatatu, mimi na wanawake kumi na wanne, na hakuna mwanamume aliyekaribia. Mwalimu Rajabu aliwachukua Mzee Faki na vibarua wote upande wa pili wa msikiti akawapa kazi ambayo haikuwa na haraka. Nilivipanga vitako kwenye sinia nne, vimeoshwa, vinang'aa kuliko vilivyong'aa tangu vivunjwe, kila kimoja na namba yangu nyeusi. Nilikuwa nikisoma daftari, Riziki anavuta utepe, na mwenye kigae anakuja anakichukua. Wengi hawakuhitaji namba. Walikiona kutoka mbali. Bibi mmoja aliyekuwa haoni vizuri alipapasa sinia nzima kwa vidole mpaka akakipata chake, kwa ukingo uliokuwa na pengo. Mwingine, Bi Chumu, mwanamke wa maneno mengi, alikigeuza chake akaiona namba, akaniuliza imeandikwa nini. "Sabini na saba." Akaitazama. "Hakupata jina, lakini namba kapata," alisema. "Kama gari la serikali." Wakacheka, na mmoja wao akacheka mpaka machozi, na hayakuacha kutoka hata kicheko kilipokwisha. Nikasema namba inafutika, nina dawa yake. "Iache," akasema Bi Chumu. "Angalau kuna mtu kamwandika." Vilibaki vitako vingi ambavyo wenyewe walikwisha kufa, vingine vya kijani kizito, vya aina ambayo Mwalimu Rajabu alikuwa akiishika kwa mikono miwili. Inawezekana desturi hii ni ya kale sawa na msikiti. Inawezekana pia vile vya kijani ni takataka tu za watu wa kale zilizochanganyika na za hawa. Sijui, na sikuwahi kujua. Tulivirudisha vyote, kifudifudi.

Bi Mize alikuwa amesimama pembeni tangu mwanzo akisaidia wengine. Alipobaki peke yake alikuja akaniangalia. Sinia ya mwisho ilikuwa na vile vipande kumi vidogo na kile kitako cha ua la kijani. "Hicho," alisema. Nikafungua daftari, ingawa nilijua kilichomo. Nikamwambia kwamba hicho hakina kipimo, kwamba najua tu ni ndani ya ukanda ule wa mwisho, mita mbili kwa moja. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia mvua ilinyesha, tukaharakisha. Ndivyo nilivyokuwa nimeandika, na neno likishaandikwa mtu hulisoma kama la mwingine. "Siku hiyo karafuu zangu zilikuwa juani," Bi Mize alisema. "Nilizianika majamvi kumi. Mvua ilikuja laasiri, nilikuwa naswali, nikakata sala nikaenda kuziingiza. Weye ulirudi nyumbani adhuhuri. Ulikula muhogo, ukalala. Mvua ilikukuta kitandani." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anavyomwambia mwenziwe kwamba kanga yake imechanika nyuma. Riziki alitazama chini. Nami nilikuwa na shahada, na mbele yangu palikuwa na ushahidi ambao haukuwa na pengo hata moja.

"Nilikiona ni kipya," nikasema. "Bakuli la ua la kijani, la madukani. Nikaona hakina maana." Ilikuwa ndiyo kweli yenyewe. Nilikuwa nimepima vyote kwa ubishi kwamba hakuna mwenye haki ya kusema kipi kina maana, na kufika cha mwisho nikawa nimechoka na nikaamua mimi. Alikiinua kile kitako, akakifuta kwa ncha ya kanga ingawa kilikuwa safi. "Kipya," alisema. "Ana miaka arobaini na moja." Wanawake wengine walikuwa wamekwisha kuanza kuondoka. Nilijua anachotaka kuniuliza, na akaniuliza. "Unadhani wapi? Nionyeshe tu kwa kidole. Nitashika hapo." Ingekuwa rahisi sana. Kidole kimoja, na mwanamke wa miaka sitini angerudi nyumbani kwake na mahali. Sijui mtu mwingine angefanya nini, na nimejiuliza kwa miaka kumi na minne kama nilikosea. Nilisema, "Sijui, mama. Nikikuonyesha nitakuwa nakudanganya mara ya pili." Nikachukua kamba na vigingi, nikautandika ule ukanda upya, nikamwambia yumo humu, hilo nina hakika nalo, lakini mahali hasa sipajui.

Alisimama pembeni ya kamba muda mrefu. Alitembea kutoka upande mmoja hadi wa pili, hatua mbili na nusu, akarudi. Kisha akavua ndara zake akaziweka nje ya kamba. "Basi pote pake," alisema. Kigae hakukiweka. Alikifunga kwenye pindo la kanga akaenda nacho, akasema atakaa nacho yeye. Jioni ile alinipakulia chakula kama kawaida, samaki upande wenye nyama, na aliponiona sili aliniambia nile, kesho kuna kazi. Tangu hapo kila Alhamisi alikuwa akienda kuufagia ukanda ule, wote, kutoka kigingi hadi kigingi, kwa ufagio wa makuti, na vigingi vilipooza akaweka mawe. Nilikaa mpaka masika. Tulimaliza kazi ndani ya msikiti, ile ya nguzo na vibla viwili, ikaandikwa na ikasomwa na wachache wanaosoma mambo hayo. Nyuma ya kibla tuliandika kwamba hapakuchimbwa. Sikurudi tena katika uchimbaji. Watu wa Chake walidhani nimeshindwa, na Mwalimu Rajabu alidhani nimekasirika. Nilikuwa tu sitaki tena kuingia mahali kabla ya kujua nimwombe nani ruhusa. Darasani bado nawafundisha watoto kuuliza "umejuaje?" Lakini kabla ya hilo nawauliza wamemsahau nani, kule jikoni.

Nilipokuwa naagana na Bi Mize mwaka ule, nilimuuliza kama yale mambo yaandikwe au yasiandikwe kabisa. Alikuwa akipepeta mchele. "Nikiwa hai usiandike," alisema. "Nikifa, andika. Lakini kijiji usikitaje, watakuja watu na makamera." Akapepeta tena. "Na ile mvua uiandike." Nilidhani ananitania, na labda ndivyo.

Riziki alipopiga mara ya pili nilikuwa nimekwisha kuchora kila kitu upya kwenye karatasi moja kubwa ya mtihani. Alimpa simu Hamad. Nilikuwa namjua Hamad kama kijana wa mpira na pikipiki, na sauti niliyoisikia ilikuwa ya mtu mzima anayejizuia. "Dada Zuhura," alisema, "tuko hapa Gofuni. Tulikuwa tumepanga karibu na ukuta, pana kivuli." Nikamwambia karibu na ukuta hapana nafasi, pana watoto kumi na wanane kabla hujafika mita mbili. Nikasikia akiwarudia wenziwe maneno yangu, na mmoja wao akisema lahaula taratibu. "Na katikati?" Nikamwambia hata katikati. Nilimsomea vipimo mpaka akaona mwenyewe. Eneo lote lile nyuma ya kibla lilikuwa limejaa alama zangu, isipokuwa sehemu moja tupu upande wa konde, urefu wa mita mbili, upana wa mita moja. Lilikuwa ni lile pengo langu. Nilikuwa nimeliona nikichora na mkono wangu ukasita, kwa sababu lilikuwa na ukubwa wa kaburi moja, limelala mashariki kwa magharibi, kama kaburi linavyolala.

"Kuna sehemu mama alikuwa akiifagia," nikamwambia. "Ina mawe pembe nne." Akasema anaiona, alikuwa akiiona tangu utotoni mwa wanawe na hakujua ni ya nini. "Hapo ndipo. Lakini yumo mwenzake humo, Hamad. Ndugu yako mkubwa. Sijui yuko upande gani." Akauliza, "Tukimkuta?" "Msimwondoe. Mrudishieni mama yake." Alisema watachimba kwa mikono pale itakapobidi, akairudisha simu kwa Riziki, na Riziki akaiacha wazi juu ya jiwe kabla ya kurudi nyumbani kwa wanawake. Nilikaa sakafuni kwangu Unguja nikisikia majembe. Yalikuwa yakishuka polepole, yanasimama, yanaanza tena. Mara mbili yalisimama muda mrefu na nikasikia udongo ukichekechwa kwa vidole, sauti ambayo ningeitambua popote. Mara mbili yakaendelea. Mwishowe Hamad akaichukua simu. "Tumefika kimo," alisema. "Udongo mwekundu tu, dada. Hatukuona kitu." Nilijua kwamba kutoonekana kitu baada ya miaka hamsini na mitano, katika udongo ule, hakusemi chochote, si ndiyo wala si hapana. Nikamwambia alhamdulillahi, na nilimaanisha.

Alasiri Hamad alinipigia tena, mazishi yamekwisha. Riziki alikuwa amekipata kile kigae ndani ya kasha la Bi Mize, kimefungwa kwenye kipande cha kanga, juu ya hati ya konde na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Akampa Hamad, na Hamad alikuwa amekiweka juu ya kaburi, upande wa kichwa, kifudifudi, kisha akakumbuka kuna msumari kwenye kona ya kibla na utepe wangu wa zamani umebaki kwa Mzee Faki. Hakuna aliyemwambia apime. Alinisomea namba mbili, akanitaka nizirudie kuhakikisha, nikazirudia. Nikachukua daftari. Nilikata neno "mvua" kwa mstari mmoja, kama tulivyofundishwa, ili kosa liendelee kusomeka, na pembeni yake, katika safu zilizokuwa tupu, nikaandika: mita sita na sentimita kumi kutoka ukutani, mita saba na sentimita arobaini kutoka kona.